Jinsi Zuhura Alivyoacha Kutetemeka Katika Maji ya Baridi

Solange na Idi, wenzangu wa chumba cha nyuma,

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinaegemeana kama watu waliochoka ndani ya tramu, na mahali pengine mtaona nimekosea neno, nikalifuta, nikalikosea tena. Shule yangu iliishia darasa la sita kwa masista wa Lubumbashi, na mkono uliozoea sindano huenda polepole unaposhika kalamu. Nimejitahidi kuandika Kiswahili kile cha shuleni, ili Idi asiseme tena kwamba sisi wa Katanga tunamchanganya kichwa. Ila pale watu wanapozungumza Kiswahili chao, nimeyaacha maneno yao yalivyotoka mdomoni.

Mliniomba, nilipoacha kazi, niwaachie ninayoyajua juu ya nguo za joto za wapiga mbizi. Nitawaachia yote. Lakini nitakaa zaidi kwenye habari ya Zuhura, ambaye nusura aondolewe katika kikosi chake kwa sababu ya baridi, maana kwake ndiko nilikojifunza yale ambayo hata mwenye duka, Monsieur Odilon, hakuwa ameyajua.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Anayeingia maji ya baridi huvaa vazi lisilopitisha maji, lenye mipira ya kubana shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Wengi hudhani vazi hilo ndilo linalopasha moto. Sivyo. Lile ni koti la mvua tu, hata kama bei yake ni ya gari kuukuu. Joto liko kwenye nguo ya ndani, ile ambayo wapiga mbizi wa hapa huiita souris, yaani panya, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kunieleza nikaelewa.

Nilipofika duka hili la nguo za wapiga mbizi, miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga. Nilikuwa nimeona karatasi kwenye kioo: wanatafuta mshonaji. Tangu msichana mimi ni mtu wa haya. Kanisani nilikuwa naimba huku nikiangalia viatu vyangu. Basi nilisimama nje ya duka, nikatembea hadi barabara ya Chaussée d'Ixelles, nikarudi, nikasimama tena. Mwishowe akatoka mzee mmoja mwenye mabega mapana. Zamani alikuwa akichomelea vyuma chini ya maji bandarini, na sikio moja lilikuwa limekufa huko, kwa hiyo alisema na kila mtu kama anamwita ng'ambo ya mto.

"Madame, unangojea tramu? Hapa haipiti!"

Nikamwonyesha ile karatasi kwa kidole. Akanipeleka chumba cha nyuma, akanipa vazi lililochanika kwapani, uzi na sindano, akaenda zake. Aliporudi aliugeuza mshono ndani nje, akauvuta kwa nguvu zote, halafu akasema, "Bon. Koti lako litundike pale." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na Monsieur Odilon, huyo huyo ambaye bado anakuja kunywa kahawa yenu na kuwasumbua.

Kushona hakukunitisha. Kilichonitisha ni wateja. Mtu hawezi kuchagua nguo ya ndani akiwa amevaa suruali na mkanda, lazima avue. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwanamume mnene mwenye masharubu, akasimama mbele yangu na chupi yenye mistari, mikono kiunoni, kama askari anayesubiri nishani. Nikainua macho juu. Dari la chumba kile nalijua kuliko mafundi waliolijenga.

"Maman Béa!" Monsieur Odilon akapaza sauti kutoka dukani. "Mteja yuko huku chini!"

Taratibu nilijifunza kumtazama mtu bila kumwaibisha na bila kuaibika. Siri yake ni kuitazama nguo. Nguo haina haya.

Sasa mafunzo yenyewe. Monsieur Odilon alianzia kwenye ngozi. Safu ya kwanza ni nyembamba, ya sufu laini au ya nyuzi za kiwandani, na kazi yake ni kuliondoa jasho mwilini. Pamba isiguse ngozi kamwe. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo kama mgeni asiyejua kuaga. Mteja akija na fulana ya pamba aliyopewa na klabu yake, msifuni picha iliyo kifuani, kisha mwambieni aivae baada ya kuzama, wakati wa bia.

Safu ya pili ndiyo panya mwenyewe, nguo nzito ya mwili mzima. Hapa watu hupotea kwa kupenda unene. Joto si kitambaa. Joto ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa. Na maji yanakandamiza: kadiri mtu anavyoshuka ndivyo vazi linavyombana, na nguo iliyokuwa nene juu mezani inaweza kuwa chapati huko chini. Ndiyo maana tuna zile risasi kwenye rafu, vipande vya mkanda wa uzito. Pangeni risasi juu ya kitambaa, nendeni mkanywe chai, mrudi mziondoe. Kitambaa kikiinuka chenyewe, uzeni. Kikibaki kimelala, hata chini ya maji kitalala.

Kisha mteja avae nguo zote pamoja na vazi la nje, achuchumae, akumbatie mabega yake, afikishe mkono kwenye vali ya begani inayotoa hewa. Akishindwa, hiyo nguo ni nene mno kwake, hata aipende namna gani. Atahitaji risasi nyingi zaidi ili azame, na vazi likimbana hakuna nafasi ya hewa, kwa hiyo amebeba uzito ili apate baridi. Miguu ni vilevile. Soksi tatu ndani ya kiatu kimoja huzuia damu, na mguu usio na damu hauna soksi ya kuufaa.

Funzo lililonishangaza zaidi ni la ulimi. Siku moja mteja alirudisha panya iliyolowa, akidai kwamba vazi tulilomuuzia linavuja. Monsieur Odilon akaichukua ile nguo, akapapasa mikono, shingo, mgongo, halafu, mbele ya mteja na mke wake, akaligusa kwapa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Wewe ulizama ziwani, na ziwa halina chumvi. Vazi halivuji. Unayevuja ni wewe."

Mke wa mteja alicheka hadi akashika meza. Mimi nilitaka ardhi inifunike. Lakini nilipokuwa kwenye basi kurudi nyumbani, mtaa wa Schaerbeek, nilifikiri vizuri nikaona mzee amesema kweli. Maji yanayovuja huanzia penye mpira na zipu: mikononi, shingoni, kifuani. Jasho huanzia mgongoni, kwapani na nyuma ya magoti. Vidole vinaweza kutofautisha mara nyingi. Vikishindwa, ulimi upo. Nilijiapiza sitautumia kamwe mbele ya watu.

Miaka ikapita hivyo. Nilishona viraka vya pembe makwapani ili mikono iinuke, nikapunguza viuno vya nguo za wanaume ziwatoshe wanawake, maana wakati ule watengenezaji walikuwa hawajapata habari kwamba wanawake huzama.

Kisha, miaka ya elfu mbili na kumi ilipokwisha kuanza, akaja Zuhura.

Familia yake ni ya Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, Waislamu, na yeye amekulia hapa hapa Schaerbeek. Alikuwa muuguzi, binti mwembamba mwenye kucheka kwa sauti. Alijifunza kupiga mbizi katika lile bwawa la kina kirefu la Uccle, ambalo maji yake ni ya kumwogeshea mtoto mchanga, akang'aa kuliko wote. Akaomba kuingia kikosi cha kujitolea nje ya mji, watu wanaotafuta waliozama mitoni na kwenye mifereji. Wakamkubali kwa majaribio. Kikosi hicho hufanyia mazoezi katika shimo la kuchimbia mawe lililojaa maji, upande wa kusini, na wakati wa baridi maji yale hayana huruma.

Kila mara Zuhura alitoka kabla ya wenzake, midomo ya bluu, meno yakigongana. Mkuu wa kikosi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia wazi: msimu wa baridi ukikaribia kwisha kutakuwa na zoezi la mwisho la kumpima, abaki chini na wenzake mpaka kazi ya kutafuta iishe, au abaki nchi kavu daima, akishika kamba ya usalama ya wengine.

"Maman, kamba ni kazi nzuri, sikatai," aliniambia. "Lakini nimeishika msimu mzima. Donc, yaani, mimi nilizaliwa kuwa kigingi?"

Tulilijaza vazi lake hewa, tukalipaka maji ya sabuni, hakuna povu lililotoka popote. Halivuji. Monsieur Odilon akampa panya nene zaidi. Akarudi na baridi zaidi. Akampa ile nene kuliko zote, ambayo mtu akiivaa anafanana na godoro lililosimama. Safari hiyo walimtoa majini wakimshika mikono.

"Kuna damu zisizopenda baridi," Monsieur Odilon aliniambia kwa huzuni, akidhani ananong'ona. Zuhura alikuwa dukani. Alisikia. Nadhani hata duka la jirani walisikia.

Nikamwomba Zuhura kitu kimoja: akitoka kuzama tena asiifue nguo, asiianike, aitie ndani ya mfuko wa plastiki na kuniletea hivyo hivyo. Akaileta jioni ileile aliyozama. Nikaipapasa. Mikononi pakavu. Shingoni pakavu. Mgongoni, kwapani, nyuma ya magoti, majimaji. Nikamtazama Zuhura, nikamtazama Monsieur Odilon, nikafumba macho, nikaonja.

"Maman Béa!" Zuhura akaruka. "Unafanya nini?"

"Chumvi," nikasema.

"Jasho? Mimi? Maman, nilikuwa nakufa na baridi!"

Monsieur Odilon naye akatikisa kichwa. Katika maji kama yale mtu hatoki jasho kiasi hicho, hata akizama anacheza ngoma. Hapo nikaelewa kwamba jasho lile lilikuwa limeingia kabla ya maji. Nikamwomba mzee akatuletee kahawa, na alipotoka nikahamia kwenye Kiswahili.

"Mutoto yangu, siku ya kuzama, iyi panya unaivaaka wapi?"

Akaanza kuvuta uzi wa mkono wa koti lake.

"Nyumbani," akasema.

"Nyumbani Schaerbeek? Na ile njia yote?"

"Naivaa alfajiri, naweka koti juu, naendesha gari. Chauffage, ile hewa ya moto, naweka mpaka mwisho. Mama ananiambia, mtoto akitoka nyumbani na joto, hilo joto anafika nalo."

"Na benzako?"

"Wenzangu wanavalia parking, maman! Wanafungua mlango wa gari, wanaweka taulo hapa, basi. Wanaume wote. Upepo unapita, taulo inaanguka, wanacheka. Mimi nitasimama wapi? Chef, mkuu wetu, ananisifu kila mara, 'Zuhura amefika yuko tayari.' Sasa nitamwambia nini?"

Basi yote yalikuwa wazi. Alikuwa anakaa ndani ya gari lenye joto na nguo ya barafuni, anafika amelowa kama amenyeshewa, halafu anashuka kwenye maji baridi akiwa ameshavaa maji yake mwenyewe. Na kila tulipomwongezea unene, tulimwongezea jasho. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu wote aliokutana nao huvua nguo popote kama watu wanaovua kofia. Ili kuliuliza swali lile ilihitajika mtu aliyewahi kusoma dari.

"Bon," nikamwambia. "Usiambie muntu kitu. Tutashona nyumba yako, utaivaa."

Nilichukua kile kitambaa cheusi kisichopitisha upepo, mabaki ya kazi nyingine, nikakitia bitana ya manyoya, nikakata joho pana, linaloanzia shingoni na kufika chini, lisilo na mikono, ili mtu aingize viungo vyake vyote ndani na kuvaa au kuvua bila kuonekana hata kidole. Pindoni nikapitisha waya mwembamba ili upepo usiliinue. Zuhura akalijaribu chumba cha nyuma. Likawa linavimba huku, linanyong'onyea kule, kichwa chake tu kikionekana juu. Monsieur Odilon akaingia na kahawa.

"Naona wametuletea kengele ya kanisa!"

"Ni kengele Mwislamu, Monsieur," likajibu joho, na mkono ukatokea chini ukatupa soksi.

Ikabaki nguo yenyewe. Nilimchagulia sufu nyembamba ya kugusa ngozi, na juu yake panya ya unene wa kati, ambayo nilikuwa nimeikaza kiunoni ili hewa isitembeetembee. Monsieur Odilon alipoiona akakataa.

"Kwa maji yale? Mpe ile nene!"

"Hapana, Monsieur," nikasema.

Sijui ni nani alishtuka zaidi, yeye au mimi. Lilikuwa neno ambalo sikuwa nimewahi kumwambia. Akaniangalia. Nikamwomba Zuhura avae ile nene ndani ya vazi lake na kujikumbatia mabega. Mikono ilisimama njiani kama ya mwanasesere. Akavaa ya kati. Akachuchumaa, akajikumbatia, akafika kwenye vali ya begani, akabaki na nafasi ya kujikuna.

"Akitetemeka?" mzee akauliza.

"Atakuwa mkavu. Muntu mukavu anajipasha mwenyewe." Nilisahau hata kusema Kifaransa, lakini nadhani alielewa.

"Bon. Akitetemeka, tutatetemeka wote watatu. Jumapili nakuja na gari."

Jumapili ile ya zoezi la mwisho, kando za shimo la mawe zilikuwa na ganda la barafu. Tulifika mapema. Kikosi kilikuwa kinavalia penye maegesho, na niseme kweli, taulo zilikuwa kama Zuhura alivyozieleza. Nikasalimia watu huku nikisoma mawingu. Kisha gari lake likaingia, madirisha mawili wazi. Akashuka na gauni refu, sweta na kilemba, pua nyekundu kwa ubaridi wa njiani, nguo zake za kuzamia zimekunjwa ndani ya mfuko.

"Leo hauko tayari?" mkuu wa kikosi akauliza.

"Dakika, chef."

Akaingia ndani ya joho. Wenzake wakageuka kutazama. Mmoja akapiga mluzi, akauliza kama sarakasi imefika. "Imefika, nunua tiketi," Zuhura akamjibu, na joho likaendelea kuchemka kama sufuria. Alipotoka alikuwa amevaa kila kitu, mkavu, zipu tu ikingoja kufungwa. Nikaifunga kwa mkono wangu. Ngozi ya shingo yake ilikuwa baridi kidogo, na nikafurahi, kwa sababu mtu anapaswa kuingia majini bila jasho hata tone.

Wakashuka. Kazi yao ilikuwa kutafuta magunia ya mchanga yaliyotupwa chini mahali pasipojulikana. Huku juu hatukuona ila mapovu. Monsieur Odilon alikuwa ananyoosha kidole kwenye kila fungu la mapovu na kuniambia kwamba lile ndilo la Zuhura, na kila mara lilikuwa fungu jingine. Mimi nilisali kimoyomoyo. Nilijua kwamba binti akitoka mapema safari hii hatanilaumu mimi. Atakoma kuwa mpiga mbizi, basi, na nitakuwa mimi niliyemvua nguo nene.

Kichwa kikatokea. Kilikuwa cha mwanamume, yule wa mluzi, akitetemeka hadi mabega, akaonyesha ishara ya kuvutwa. Wakamvuta. Maji yakafunga tena. Tukangoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko misa ya Pasaka.

Kisha wakatokea waliobaki, wote kwa pamoja, na Zuhura katikati yao, amelishika gunia la mwisho kwa mikono miwili. Alikuwa amelipata yeye, chini ya mwamba. Akapanda ngazi bila kushikwa na mtu, akalitua gunia miguuni mwa mkuu wake. Mkuu akamtazama midomo. Haikuwa ya bluu. Akamwambia ahesabu vidole vyake kwa kuvigusa kimoja kimoja na dole gumba, maana vidole vyenye baridi havitii. Vikatii vyote.

"Unasikia baridi?" akamuuliza.

"Nasikia njaa," Zuhura akasema.

Monsieur Odilon akapiga kofi mara moja, ng'ombe wa shamba la jirani wakainua vichwa. Yeye alielewa kabla yangu: aliyeliwa na baridi hana hamu ya kula, anataka kulala tu. Mkuu wa kikosi naye alielewa. Akamwambia, mbele ya wote, kwamba juma lijalo mtu mwingine atafutwe wa kushika kamba. Zuhura aliingia ndani ya joho akacheka mle ndani peke yake, kwa sauti, kisha akatoka na gauni lake akala viazi vya kukaanga tulivyokuja navyo, vyake, vya Monsieur Odilon na vyangu. Bado yuko kwenye kikosi. Wapo watu waliopatikana kwa sababu yake.

Na tangu hapo mlango wa duka haukupumzika. Wakaja wanawake, wa dini zote na wasio na dini, kumbe walikuwa wengi waliovalia nyumbani na kunyamaza. Akaja yule mwanamume wa mluzi, akitaka joho la ukubwa wake. Nikamshonea, na sikusema neno, ila nilimtoza bei ya kawaida kwa furaha kubwa.

Kwa hiyo, Solange, Idi, mteja anapoingia msikimbilie rafu. Mketisheni. Muulizeni anavalia wapi, anasafiri vipi, nani yuko karibu naye anapovua. Ulizeni polepole, mkitazama nguo.

Siku hizi nasikia kuna vesti zenye betri zinazopasha moto kifua. Sijazigusa. Niandikieni kama zinabaki na joto zikikandamizwa na maji, na jasho linakwenda wapi, na waliozivaa wamesema nini walipotoka. Mwandiko wenu usiwatie haya, mmekwisha kuuona wangu. Niandikieni kwa kirefu. Nitasoma polepole, na nitajibu.

Maman Béa